Vigari vya Zamani vya Chuma Kutoka Brazil: Namna ya Kuvikusanya na Kuvitambua Vilivyoghushiwa

Anayeanza kukusanya vigari vya kuchezea vilivyotengenezwa Brazil kati ya miaka ya 1960 na 1980 hukutana mapema na jambo la kutatanisha, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya vigari hivyo haikubuniwa Brazil. Kalibu zake zilichongwa Ulaya, zikatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha zikafika kwa watengenezaji wa Brazil, ambao walisubu vigari vile vile, wakavipaka rangi walizozitaka wao na kuviuza katika maboksi yenye maandishi ya Kireno. Kwa hiyo kigari cha Brazil kinaweza kutofautiana na ndugu yake wa Ujerumani au Uingereza kwa mambo madogo sana, kama vile rangi ya bodi, rangi ya vioo au mstari mmoja wa herufi chini ya gari, ilhali bei zake zikapishana mara nyingi. Pengo hilo ndilo linalomvutia mghushi.

Kanuni ninayoishikilia katika mwongozo huu ni moja: usiiamini alama moja peke yake, hata kama imesubiwa katika chuma chenyewe. Bamba la chini, rangi, ribiti (vichwa vya chuma vilivyobanwa kushikilia bodi na bamba), magurudumu, vioo na boksi havina budi kukubaliana juu ya nchi na kipindi, na kazi ya mkusanyaji ni kuvihoji kimoja kimoja mpaka aone kama kipo kinachokwenda kinyume na vingine.

Kwa nini Brazil, na viwanda gani

Kwa miongo kadhaa serikali ya Brazil ililinda viwanda vya ndani kwa ushuru mkubwa wa forodha na vizuizi vya uagizaji, hali iliyoendelea mpaka Rais Fernando Collor alipoanza kulifungua soko mwaka 1990. Kampuni ya Ulaya iliyotaka vigari vyake viwafikie watoto wa Brazil iliona afadhali kumpa leseni mtengenezaji wa huko kuliko kupeleka shehena zitakazozuiwa au kutozwa ushuru usiolipika. Tena mji wa Manaus, ulio ndani kabisa ya Amazon, ulifanywa eneo huru la biashara kwa sheria ya mwaka 1957, na amri ya mwaka 1967 ikaongeza misamaha ya kodi iliyovuta viwanda vya kila namna. Ndiyo maana jina la mji huo wa msituni limesomeka kwenye maboksi ya vigari vya Kiingereza.

Majina machache yanatosha kuanzia. Brinquedos Rei ilitengeneza vigari vya Schuco, kampuni ya Nürnberg iliyofilisika mwaka 1976, hasa kwa skeli ya 1:43 na 1:66 (yaani sehemu moja ya 43 au ya 66 ya ukubwa wa gari halisi), na majina hayo mawili huonekana pamoja. Inbrima ilitengeneza Matchbox, vigari vya Uingereza, mjini Manaus. Kiko ilitengeneza Corgi Juniors, navyo vya Uingereza, na Brosol ikatengeneza Solido ya Ufaransa. Roly Toys ni ya awali kidogo, nayo iliuza vigari vyake kwa jina lake yenyewe katika miaka ya 1960 na 1970. Arpra ilijulikana kwa malori ya Scania na Mercedes-Benz ya skeli ya 1:50, na Minimac ikajikita katika matrekta na mitambo ya ujenzi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchagua mlango mmoja na kuingia humo kwanza, na mlango salama zaidi ni malori ya Arpra au vigari vya Rei. Sababu ni ya kimantiki. Thamani ya Matchbox ya Manaus mara nyingi hutokana na rangi tu: kigari kinachopatikana tele kwa rangi ya Uingereza huwa adimu kwa rangi ya Brazil. Pale ambapo rangi pekee ndiyo inayopandisha bei, kughushi hakuhitaji zaidi ya kopo la rangi na saa chache za kazi. Lori la Arpra, kwa upande mwingine, lina sehemu nyingi ambazo mghushi atalazimika kuzitengeneza upya, na faida haimlipi gharama hiyo. Matchbox ya Brazil ni nzuri mno, lakini ni vyema kuiendea ukiwa umeshazoea kusoma rangi na ribiti.

Ipo mitego miwili ambayo wala si ya kughushi, bali ni ya maelezo yasiyo sahihi. Wa kwanza ni vigari vya Argentina, hasa vya Buby na Muky, ambavyo wauzaji wasio makini huvichanganya na vya Brazil kwa kuwa vyote vinatoka Amerika Kusini. Wa pili ni vigari vya skeli ya 1:43 vilivyouzwa pamoja na majarida ya mfululizo katika vibanda vya magazeti vya Brazil miaka ya 2010. Vinaonyesha magari ya Brazil kama Opala, Brasília na Fusca, vina sura ya kuvutia, lakini ni vya juzi na vilisubiwa nje ya Brazil. Kikiondolewa kwenye kitako chake na kupakwa vumbi, kigari cha namna hiyo humpumbaza mgeni kwa urahisi.

Boksi: shahidi asiyejua kudanganya tarehe

Wakusanyaji wengi hulitazama gari kwanza na boksi baadaye. Mimi hupendekeza kinyume chake kila boksi linapokuwepo, kwa sababu historia ya utawala wa Brazil imejaa mabadiliko ya ghafla ya sarafu, misimbo, namba za kodi na hata mipaka ya majimbo, na kila badiliko limeacha alama kwenye kadibodi. Mghushi hodari anaweza kuiga rangi ya Schuco, lakini ni nadra kumpata anayekumbuka mfumo wa posta wa Brazil ulivyokuwa mwaka 1974.

Anza na namba ya usajili wa kampuni. Mpaka mwaka 1998 namba hiyo ilitanguliwa na herufi CGC. Tangu mwaka huo herufi zikawa CNPJ. Namba zenyewe zina tarakimu 14 katika mifumo yote miwili na zimepangwa kwa namna ile ile, kwa hiyo usihangaike na tarakimu, tazama herufi. Boksi linalodaiwa kuwa la mwaka 1979 na limechapwa CNPJ limechapwa miaka isiyopungua 19 baada ya tarehe hiyo.

Kisha tafuta msimbo wa posta, ambao Brazil huuita CEP. Ulianzishwa mwaka 1971 ukiwa na tarakimu 5, na mwaka 1992 ukaongezwa tarakimu 3 baada ya kistari. Anwani yenye tarakimu 8 haiwezi kuwa ya miaka ya 1970 wala ya 1980. Kama anwani ni ya mji wa Rio de Janeiro, tazama herufi zinazoufuata: kati ya mwaka 1960 na Machi 1975 mji huo ulikuwa jimbo peke yake lililoitwa Guanabara, na anwani ziliandikwa GB, baada ya kuunganishwa na jimbo jirani zikaandikwa RJ. Boksi la mwaka 1969 linalosema "Rio de Janeiro – RJ" linahitaji maelezo ya kuridhisha.

Msimbopau ni ushahidi wa aina hiyo hiyo. Brazil ilianza kutumia mfumo wa EAN katikati ya miaka ya 1980, na bidhaa zake hutambulika kwa tarakimu 789 mwanzoni mwa msimbo. Msimbo uliochapwa pamoja na picha za boksi unamaanisha kwamba boksi si la kabla ya kipindi hicho. Zingatia lakini tofauti ya kilichochapwa na kilichobandikwa, kwa kuwa duka lililokuwa na bidhaa za zamani stoo liliweza kuzibandikia stika ya msimbo miaka mingi baadaye bila hila yoyote. Vivyo hivyo alama ya Inmetro, taasisi ya viwango ya Brazil, ambayo ilianza kuwa ya lazima kwa vifaa vya kuchezea katika miaka ya 1990. Ikiwa imechapwa kwenye boksi la "miaka ya 1970", weka boksi chini.

Stika za bei nazo zina utamu wake. Cr$ ni cruzeiro, iliyotumika kuanzia mwaka 1942 hadi 1967, kisha 1970 hadi 1986, na kurudi tena kuanzia 1990 hadi 1993. Cz$ ni cruzado ya mwaka 1986 hadi 1989, NCz$ ni cruzado novo ya mwaka 1989 hadi 1990, CR$ yenye R kubwa ni cruzeiro real ya mwaka 1993 hadi 1994, na R$ ni real iliyoanza tarehe 1 Julai 1994. Mfumuko wa bei wa miaka hiyo ulikuwa mkali kiasi kwamba maduka yalibandika stika mpya juu ya ile ya zamani, na boksi lenye stika tatu zilizopandana hunipa imani kuliko boksi safi lisilo na hata moja. Usizibandue, kingo zake pekee zinatosha kusomeka kwa kioo cha kukuzia.

Tahajia ni ushahidi dhaifu zaidi, ila unasaidia. Sheria ya Desemba 1971 iliondoa alama fulani za juu katika maandishi ya Kireno cha Brazil, hata maneno yaliyokuwa yakiandikwa "tôda" na "êste" yakawa "toda" na "este". Boksi lenye alama hizo huelekea kuwa la kabla ya mwaka 1972 au la muda mfupi baadaye, maana wachapaji hawakubadili vibao vyao siku moja. Kukosekana kwa alama hizo hakuthibitishi kitu. Kilicho na uzito zaidi ni Kireno kibovu: jina la nchi likiandikwa kwa herufi z ndani ya sentensi ya Kireno, au "coleção" ikikosa alama zake, ilhali maneno mengine ya boksi yamechapwa kwa ustadi, hapo pana mtu aliyenakili bila kuijua lugha.

Mwisho tazama uchapaji wenyewe kwa kioo cha kukuza mara 10. Maboksi ya kiwandani ya kipindi hicho yalichapwa kwa ofseti, na picha zake huonyesha nukta zilizopangwa kwa mpangilio wa kurudiarudia, huku herufi na maeneo ya rangi moja yakiwa na kingo kali zisizo na nukta. Printa ya kisasa ya wino hutawanya nukta ndogo ovyo, hata ndani ya herufi nyeusi. Printa ya leza huacha poda inayong'aa kidogo na kukaa juu ya karatasi, hasa pale karatasi inapokunjwa, ambapo poda hupasuka na kuonyesha weupe. Tazama pia mikunjo: boksi la miaka 40 lina nyuzi zilizolegea na uchafu ulioingia ndani ya mkunjo, ilhali boksi lililozeeshwa kwa chai au kwa jua lina rangi ya uzee kwenye uso wa nje tu na weupe ndani ya vifuniko vilivyofungwa.

Hapa niseme neno juu ya tochi ya mwanga wa urujuanimno, kwa kuwa wengi huitumia vibaya. Inasemwa kwamba karatasi ikiwaka samawati chini ya tochi hiyo basi ni mpya. Hilo si kweli kwa vigari hivi, maana kemikali za kung'arisha karatasi zilishaanza kutumika viwandani tangu miaka ya 1950, na boksi halali la mwaka 1975 linaweza kuwaka vizuri tu. Itumie tochi kulinganisha sehemu za boksi moja: kifuniko kimoja kikiwaka na kingine kikabaki kiza, kimoja kati ya hivyo huenda kimebadilishwa.

Bamba la chini na ribiti

Maandishi ya bamba la chini husomwa na kila mtu, na kwa hiyo ndiyo yanayoaminiwa kupita kiasi. Maneno "Indústria Brasileira" au "Made in Brazil" yana maana, lakini kumbuka mambo mawili. La kwanza, kalibu ziliposafiri, maandishi hayakubadilishwa kila mara, hivyo kigari halali kinaweza kuwa na jina la nchi nyingine au kisitaje nchi kabisa. La pili, bamba linaweza kutolewa kwenye gari bovu la Brazil na kufungwa chini ya bodi nzuri ya Ulaya. Jina la kampuni mama nalo hutoa mpaka wa upande mmoja tu: Lesney, iliyomiliki Matchbox, ilianguka mwaka 1982, lakini bamba lenye jina lake liliweza kuendelea kusubiwa mpaka kalibu ilipochongwa upya.

Kwa hiyo macho yaende kwenye ribiti. Katika vigari vingi vidogo, bodi ina vinguzo vya chuma vilivyosubiwa pamoja nayo, navyo hupenya matundu ya bamba la chini. Kiwandani bodi ilipakwa rangi kwanza, kisha vikaingizwa vioo, viti na ekseli, na mwisho kabisa mashine ikaibana ncha ya kila kinguzo mpaka ikatandazika na kuwa kichwa cha ribiti. Utaratibu huo wa kazi ndio unaotupa ushahidi. Ribiti ambayo haijaguswa, ikitazamwa kwa kioo cha kukuza mara 10, ina kichwa cha chuma kitupu kilichofifia na kuwa kijivu, chenye mipasuko myembamba inayotoka katikati kwenda pembeni, na ukingo uliolala juu ya bamba bila kuacha mwanya. Wakati mwingine utaona pembeni mabaki ya rangi ya bodi yaliyosukumwa na mashine, na rangi hiyo lazima iwe ile ile unayoiona juu ya gari. Kigari chekundu chenye mabaki ya kijani shingoni mwa ribiti kinasimulia kisa chote.

Ribiti iliyofunguliwa huacha dalili nyingine. Keekee ya drili hula kichwa cha ribiti na kuacha shimo lenye mteremko; anayefunga upya hutia skrubu, gundi ya epoksi au kijiti cha chuma chenye kichwa. Tazama mikwaruzo ya duara kuzunguka tundu, tazama kama kichwa kinang'aa kuliko bamba, na uimulike kwa tochi ya urujuanimno, kwa kuwa gundi nyingi huwaka pale ambapo chuma hakiwaki. Kabla ya kuihukumu skrubu, linganisha na kigari kingine cha aina hiyo, maana vipo vigari vikubwa ambavyo kiwanda chenyewe kilivifunga kwa skrubu.

Rangi, uzito na vipimo

Rangi ya kiwandani huwa nyembamba na imefuata mistari ya milango na boneti bila kuijaza. Gari lililopakwa upya kwa mkono au kwa sprei hupoteza ukali wa mistari hiyo. Herufi ndogo hujaa, vishikio vya milango huwa kama vimevimba, na mahali palipokuwa na mbonyeo wa zamani huonekana kijishimo kilichofunikwa na rangi laini. Tafuta mahali palipobanduka na upakuze. Tabaka moja juu ya chuma ni dalili njema. Rangi mbili tofauti zilizolaliana ni dalili mbaya. Geuza gari utazame ndani ya bodi, kwenye matao ya magurudumu na nyuma ya bampa: aliyechubua rangi ya zamani kwa magadi makali huacha zinki ikiwa nyeusi yenye mabaka katika kona ambazo brashi haikufika.

Uchakavu wa kweli una mantiki yake. Kigari huchubuka pale kinapogusa sakafu na vigari vingine, yaani kwenye pembe za paa, kingo za matao na midomo ya bampa, na chuma kilichoachwa wazi hufifia. Michubuko iliyo katikati ya mlango, yenye chuma kinachometa, huku pembe za paa zikiwa nzima, imetengenezwa na mtu. Kwa maoni yangu kigari kilichochakaa kwa haki kina thamani kuliko kinachong'aa kwa mashaka, na mkusanyaji akilikubali hilo mapema ataokoa fedha nyingi.

Kupima uzito ni jambo rahisi ambalo wengi hulipuuza. Vigari hivi vilisubiwa kwa zamak, aloi ya zinki yenye takriban asilimia 4 ya alumini, ambayo sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 6.6 hivi. Resini, inayotumiwa na wanaonakili bodi adimu, haifiki hata robo ya uzito huo. Nunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, pima vigari ambavyo una hakika navyo, na uandike uzito wa kila kimoja. Sumaku haisaidii kutofautisha zinki na resini, kwa kuwa haivuti yoyote kati ya hizo. Hufaa tu kuonyesha bodi ya bati.

Nakala zilizosubiwa kwa chuma laini chenye risasi au stani zina uzito wa kutosha, na hapo mizani hushindwa. Tumia vernia, kile kipimo cha taya cha mafundi. Nakala iliyotokana na kalibu ya mpira iliyozungushiwa gari halisi hutoka ndogo kidogo, kwa sababu mpira na chuma hunywea. Pima urefu wa bodi na umbali kati ya matundu ya ekseli, kisha ulinganishe na gari halisi. Ndani ya bodi halisi utaona pia viduara vidogo vilivyoachwa na pini za mashine zilizousukuma usubi utoke katika kalibu. Nakala huwa na viduara hafifu vilivyojaa vitundu vya hewa, au haina kabisa.

Magurudumu, vioo na stika

Kwa sehemu hizi maneno machache yanatosha. Ekseli ya kiwandani ina vichwa viwili vinavyofanana. Iliyobadilishwa ina upande mmoja uliokatwa kwa koleo, uliopigwa tupa au wenye tone la gundi. Vioo vya kiwandani vilisubiwa kwa plastiki nene yenye alama ya mahali plastiki ilipoingilia, ilhali vioo vya kubadilishia mara nyingi ni karatasi ya plastiki iliyofinyangwa kwa joto, nyembamba na yenye unene mmoja kote. Kioo cha rangi adimu kisikutie haraka ya kulipa, kwa kuwa plastiki angavu inaweza kutiwa rangi kwa maji ya moto na dawa ya kutia rangi nguo. Rangi hiyo hukolea kwenye kingo na hubadilika mahali kioo kilipofunikwa na bodi. Stika za printa huonekana kwa utando angavu unaozidi picha pembezoni.

Kununua kwa mbali

Vigari vingi bado viko Brazil kwenyewe. Wenyeji huvipata katika masoko ya vitu vya kale, kama lile la Jumamosi katika uwanja wa Benedito Calixto mjini São Paulo na lile la Praça XV mjini Rio de Janeiro, na kwenye mtandao huuzwa zaidi Mercado Livre. Aliye nje ya Brazil hukwama kwenye malipo, kwa sababu mifumo ya huko hudai CPF, namba ya mlipakodi ya mtu binafsi. Hivyo hulazimika kumtegemea rafiki au wakala anayeishi huko, au kununua eBay kwa bei ya juu zaidi.

Tafuta kwa Kireno, kwa maneno kama "miniatura antiga", "carrinho de ferro" na jina la kiwanda. Muuzaji mwaminifu atakuambia mengi kwa neno moja: "restaurado" ni kilichokarabatiwa, "repintado" ni kilichopakwa upya, "rodas trocadas" ni magurudumu yaliyobadilishwa, na "no estado" ni kilivyo, bila dhamana. Maneno hayo si ya kuogopwa. Kigari kilichokarabatiwa na kuuzwa kwa jina hilo ni bidhaa halali, na kinafaa kuziba pengo kabatini mpaka kipatikane kilicho bora. Ghushi huanza pale neno hilo linapoachwa kwa makusudi, na mara nyingi huachwa na mnunuzi wa pili au wa tatu.

Kabla ya kulipa, omba picha zilizopigwa kwa mwanga wa mchana: bamba la chini likiwa limenyooka mbele ya kamera, kila ribiti kwa ukaribu, ekseli kutoka pande zote mbili, ndani ya matao, na vifuniko vyote vya boksi vikiwa wazi. Omba pia uzito wa gari likiwa juu ya mizani. Mtu anayetaka bei ya kitu adimu kisha akakataa kupiga picha ya ribiti ameshakujibu. Jihadhari zaidi na anayetaja "sampuli ya kiwandani" au "jaribio la rangi" bila karatasi wala historia ya kigari kilikopitia, kwa sababu dai hilo hufuta kila kipimo: rangi isiyojulikana haina cha kulinganishwa nacho.

Kuvitunza

Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo wakati wa kusubu huoza kutoka ndani. Bodi huvimba, hupasuka mipasuko mingi myembamba na mwishowe humong'onyoka. Ugonjwa huo hauna tiba, nao huharakishwa na joto na unyevu, jambo ambalo wakusanyaji wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam wanapaswa kulizingatia kuliko wale wa Nairobi. Weka vigari katika kabati lililofungwa pamoja na vifuko vya silika, mbali na jua na mbali na ukuta unaovuja. Usivifunge katika mifuko laini ya PVC, kwa kuwa hutoa mafuta yanayoilainisha rangi, na usiache matairi laini yakikandamiza plastiki kwa miaka, maana huyeyushana. Mpasuko mdogo kwenye kigari unachokusudia kununua ukague kwa kioo kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa gari la kweli lenye ugonjwa huo litakufia mkononi sawasawa na la bandia.

Andika rekodi ya kila kigari: uzito, maandishi ya bamba kama yalivyo, rangi ya vioo, aina ya magurudumu, hali ya ribiti, ulikokipata na bei. Kama umebadilisha ekseli au umebandika stika mpya, liandike hilo kwenye kikaratasi kisicho na asidi na ukiweke ndani ya boksi, ili atakayekirithi au kukinunua kigari hicho akute maelezo hayo kabla hajafungua kioo chake cha kukuzia.